MWENYE MALI AKIRUDI, TUTAMWONYESHA NINI?

Somo la uwakili, amana na kutoa hesabu



Leo tunaanza na kisa chetu wenyewe. Si kisa cha kujisifu. Ni kisa cha aibu kidogo, lakini aibu nayo hufundisha.

Sisi tunaoandika somo hili ni watu wa elimu ya watu wazima. Tulikuwa na darasa la jioni huko Fumba, kusini mwa Unguja. Darasa lilikuwa na watu 18. Wengi walikuwa kinamama wanaokwenda pwani kuokota chaza na kombe. Wengine walikuwa wageni kutoka bara, waliokuja kwa kazi za ujenzi. Waislamu walikuwamo, na Wakristo walikuwamo. Wote walikaa busati moja.

Darasa lilikubaliana kununua taa ya sola, maana kiza kilikuwa kinatuingilia katikati ya somo. Kila mtu alitoa shilingi 5,000. Fedha zote zikawa shilingi 90,000. Wakasema, "Mwalimu, shika wewe." Tukashika.

Tulilipa shilingi 40,000 za mwanzo kwa mwenye duka la taa. Tukanunua madaftari na penseli kwa shilingi 12,000. Siku nyingine tulikwenda mjini kwa shughuli ya darasa, tukalipa nauli humo humo. Siku nyingine tulimpa chenji mtu. Hatukuandika. Tulisema moyoni, "Tutakumbuka."

Jioni moja bibi mmoja, mtu mzima sana, aliinua mkono. Akauliza, "Mwalimu, fedha zetu zimebaki ngapi?"

Tukaingiza mkono mfukoni. Tukahesabu mbele ya watu. Zilikuwa shilingi 31,500. Tukapiga hesabu ubaoni: 90,000 toa 40,000 toa 12,000. Zilitakiwa kubaki shilingi 38,000. Zilipungua shilingi 6,500.

Darasa likanyamaza kimya. Tukaanza kueleza: nauli, chenji, siku ile, siku nyingine. Maneno yalikuwa mengi, lakini karatasi hatukuwa nayo.

Bibi yule akasema kwa upole, "Mwanangu, mie sisemi umekula. Nasema hukuandika. Na wewe ndiye uliyetufundisha kuandika."

Neno lile lilituchoma mpaka leo.

Tulizilipa zile fedha kwa mfuko wetu. Siku ya pili, mama mmoja Mkristo, mke wa fundi mwashi, alituambia, "Mwalimu, kwetu kanisani kuna kisa cha mambo haya. Kisa cha talanta. Kwa nini tusikisome hapa?" Waislamu wakasema, "Na tukisome. Amana ni amana." Basi tukakisoma. Somo la leo limetoka katika jioni zile.

WAKILI NI NANI?

Wakili ni mtu aliyepewa mali ya mwenzake aitunze. Mali si yake. Amepewa ruhusa ya kuitumia, lakini hakupewa kuwa mwenyewe.

Siku hizi tukisikia neno wakili tunamfikiria mtu wa mahakamani. Si kosa. Yeye naye amepewa kazi ya kusema kwa niaba ya mwingine. Lakini wakili wa zamani, na wakili wa kisa chetu, ni msimamizi wa nyumba, wa shamba au wa fedha.

Mali aliyopewa huitwa amana. Mambo matatu humhusu kila mwenye kushika amana.

Kwanza, amana ina mwenyewe.
Pili, amana ina kazi yake.
Tatu, amana ina siku yake ya kuulizwa.

Ukiyashika haya matatu, umeshashika nusu ya somo.

KISA CHA TALANTA

Kisa hiki kimo katika Injili ya Mathayo, sura ya 25, kuanzia mstari wa 14. Yesu alikitoa kama mfano. Alikuwa akiwafundisha wanafunzi wake juu ya siku atakayorudi. Sisi tunakisimulia kwa maneno yetu.

Mtu mmoja tajiri alitaka kusafiri. Akawaita watumwa wake watatu. Wa kwanza akampa talanta 5. Wa pili akampa talanta 2. Wa tatu akampa talanta 1. Aliwapa kila mtu kwa kadiri ya uwezo wake. Kisha akaenda zake.

Talanta ni nini? Wengi wetu tunadhani ni kisarafu kidogo. Hebu tupige hesabu.

Talanta ilikuwa kipimo cha uzito, na hapa ni uzito wa fedha. Talanta moja ilikuwa sawa na dinari 6,000. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku moja. Basi talanta moja ni ujira wa siku 6,000. Kibarua akifanya kazi siku 300 kwa mwaka, gawa 6,000 kwa 300. Unapata 20. Talanta moja ni ujira wa miaka 20!

Sasa zidisha mwenyewe. Mwenye talanta 2 alipewa ujira wa miaka 40. Mwenye talanta 5 alipewa ujira wa miaka 100. Hata yule aliyepewa kidogo hakupewa kidogo. Tuseme kwa mfano kwamba kibarua leo analipwa shilingi 10,000 kwa siku. Talanta moja ingekuwa shilingi 60,000,000. Nani kati yetu angesema, "Mie sikupewa kitu"?

Tuendelee. Wa kwanza alikwenda akafanya biashara, akapata talanta 5 nyingine. Wa pili naye akapata 2 nyingine. Wa tatu alichimba shimo, akaifukia talanta yake.

Siku nyingi zikapita. Mwenye mali akarudi. Hakuuliza, "Hamjambo?" akaenda kulala. Alikaa nao akafanya hesabu. Wa kwanza akaleta 10. Wa pili akaleta 4. Wote wawili walisifiwa kwa maneno yale yale. Wa pili hakuambiwa, "Mbona mwenzako kaleta 10?" Kila mtu aliulizwa kwa alichopewa.

Wa tatu akaleta moja yake, ina udongo. Akasema, "Nilikuogopa. Nilijua wewe ni mtu mgumu. Chukua chako."

Hapa darasa letu lilibishana sana. Kijana mmoja alisema, "Mwalimu, huyu kaonewa. Hakuiba hata senti moja. Karudisha kamili!"

Ni kweli, hakuiba. Hata sisi wa shilingi 6,500 tulimwonea wivu. Lakini tuangalie amana ilivyo. Tumesema amana ina mwenyewe, ina kazi na ina siku ya kuulizwa. Huyu alikumbuka kwamba ina mwenyewe. Alikumbuka kwamba kuna siku ya kuulizwa, tena aliiogopa. Lakini alisahau kwamba amana ina kazi. Mwenye mali hakumpa talanta ili ilale. Alimwambia kwamba angalau angeiweka kwa watu wa fedha, akapata faida.

Mama mmoja anayekwenda pwani alitupa mfano mzuri. Alisema, "Ukipewa mbegu ya muhogo ukaitia kabatini, mwaka ukiisha mwenye mbegu akaja, utampa nini? Utampa kijiti kikavu." Kijana akanyamaza. Mbegu iliyofungiwa hairudi kama ilivyokuja.

MWENYE MALI AKIKAWIA

Kisa cha pili kimo katika Injili ya Luka, sura ya 12. Humo wakili alipewa kazi ya kuwagawia wenziwe chakula kwa wakati wake. Mwenye nyumba akasafiri. Wakili akasema moyoni, "Bwana wangu anakawia." Akaanza kuwapiga wenziwe. Akala, akanywa, akalewa. Bwana akaja siku asiyoitazamia.

Angalieni vizuri. Kitu gani kilimharibu mtu huyu? Si umaskini. Ni neno moja tu: anakawia. Alipoona haulizwi leo, alidhani hataulizwa kabisa.

Ugonjwa huu tunao sote. Mshika fedha wa kikundi husema, "Mkutano mpaka mwezi wa 12." Akakopa kidogo, bila ya kuwaambia wenziwe. Msimamizi wa mirathi ya mayatima husema, "Watoto bado wadogo." Akauza mnazi mmoja, kisha wa pili. Mwenye duka la ushirika husema, "Mkaguzi hajaja." Mtu hakuamka asubuhi akasema, "Leo nitakuwa mwizi." Alisema tu, "Bado kuna siku."

Na angalieni jambo jingine. Mtumwa mbaya alianza kwa kuwapiga wenziwe. Mtu akiacha kumkumbuka mwenye mali, wa kwanza kuumia ni wale aliopewa awatunze. Fedha ya kikundi ikipotea, anayelala njaa si kitabu cha hesabu. Ni mama aliyetoa shilingi yake akitegemea kulipia mtoto skuli.

KUNGOJA SI KUKAA BURE

Wakristo wanaamini kwamba Yesu atarudi, na kwamba kila mtu atatoa hesabu ya maisha yake. Swali ni hili: mtu anayengoja afanye nini?

Wapo waliojibu vibaya. Zamani sana, katika mji wa Thesalonike, baadhi ya waumini waliacha kazi wakawa wanazurura. Mtume Paulo aliwaandikia barua. Aliwakumbusha kwamba yeye mwenyewe alifanya kazi kwa mikono yake usiku na mchana. Akaagiza kwamba asiyetaka kufanya kazi, na chakula asipewe.

Mambo haya si ya zamani tu. Yametokea hapa hapa Afrika Mashariki.

Huko Kanungu, kusini magharibi mwa Uganda, palikuwa na kundi lililojiita la Kurudisha Amri Kumi za Mungu. Viongozi wake walisema dunia itakwisha mwaka 1999 ukimalizika. Wafuasi waliuza mashamba na mifugo kwa bei ya kutupa, na fedha zikaenda kwa viongozi. Mwaka ukaisha, dunia ikabaki. Machi 17, 2000, mamia ya watu walikufa kwa moto ndani ya jengo lao la ibada. Watoto walikuwamo.

Tena mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi huko Kenya, serikali ilifukua miili zaidi ya 400. Uchunguzi ulisema watu wengi walikufa kwa njaa. Walikuwa wamefundishwa kwamba wakifunga mpaka kufa, watakutana na Yesu. Kilifi si mbali na sisi. Ni pwani hii hii, na Kiswahili hiki hiki.

Tunayataja haya kwa huzuni, wala si kwa kuwacheka waliokufa. Wengi wao walikuwa watu wakweli, wenye imani. Lakini tuyapime kwa kisa chetu. Je, mtumwa yupi katika kile kisa alisifiwa kwa kuuza shamba la bwana wake kabla bwana hajarudi? Hakuna. Yupi alisifiwa kwa kuwaacha watoto wa nyumba wafe njaa? Hakuna. Waliosifiwa ni wale waliokutwa kazini.

Tena Injili yenyewe inasema kwamba siku ile na saa ile hakuna aijuaye. Basi akija mtu akakwambia tarehe, na baada ya tarehe akakwambia uze mali umletee yeye, simama. Muulize, "Wewe umeijuaje?" Kisha nenda kwa watu wazima wa kanisa lako na kwa serikali ya mtaa wako, uwaeleze.

JIRANI ZETU WALISEMAJE?

Fumba ni mji wa Waislamu tangu kale. Kwa hivyo tuliwauliza wanadarasa Waislamu: kwenu kukoje?

Wakasema amana kwao ni jambo zito. Katika Kurani, sura ya Annisaa, Mwenyezi Mungu anaamuru amana zirudishwe kwa wenyewe. Na katika sura ya Albakara imo aya ndefu kuliko zote, nayo ni juu ya deni. Inaagiza watu wanaokopeshana kwa muda waandike, awepo mwandishi mwadilifu, na wawepo mashahidi.

Bibi yetu aliposikia hivyo alicheka. Akasema, "Mnaona? Kuandika nilikuambieni mapema."

Basi Mkristo na Mwislamu hawasali pamoja, lakini wanaweza kukaa pamoja mbele ya kitabu kimoja cha hesabu. Wote wanajua kwamba mwenye mali yupo.

MIFANO YA HAPA KWETU

Mfano wa kwanza ni pwani ya Fumba. Bahari ya upande huu imo katika Hifadhi ya Ghuba ya Menai, iliyotangazwa mwaka 1997. Kinamama wa Fumba, Bweleo na Nyamanzi wameokota chaza na kombe tangu enzi za bibi zao. Lakini watu walizidi, na chaza wakapungua, wakawa wadogo. Katika miaka ya 2000, wanavijiji walishirikiana na wataalamu wa Taasisi ya Sayansi za Bahari iliyoko Unguja. Wakatenga baadhi ya sehemu za pwani zisiokotwe, ili chaza wakue na wazae. Wakajifunza pia kufuga chaza wa lulu na kutengeneza mapambo ya kombe.

Je, kutenga sehemu ni kufukia talanta? Hapana! Aliyefukia talanta aliizuia isizae. Aliyefunga sehemu ya pwani ameiacha izae. Lakini kufunga peke yake hakutoshi. Lazima wawepo walinzi, na walinzi wawe waaminifu wakati wa bamvua, maji yametoka na hakuna mtu anayewaona. Bahari haikutengenezwa na sisi. Tumeikuta, na tutaiacha. Wajukuu wetu ni wenye mali wanaokuja.

Mfano wa pili ni kanisa la Mkunazini, mjini. Pahala pale palikuwa soko la watumwa. Soko lilifungwa mwaka 1873. Mwaka huo huo, siku ya Krismasi, jiwe la msingi la kanisa liliwekwa. Askofu Edward Steere alisimamia kazi ya ujenzi. Yeye alifariki mwaka 1882, akazikwa mle mle.

Husimuliwa kwamba askofu alisafiri siku chache, na mafundi wakasimika nguzo fulani chini juu. Aliporudi alikuta zimeshasimama, akaziacha. Mpaka leo wageni huonyeshwa nguzo hizo. Kazi iliyofanywa mwenye nyumba akiwa safarini, bado inaonekana baada ya zaidi ya miaka 140! Hatusemi mafundi wale walikuwa wabaya. Tunasema kazi hubaki ikisema, hata fundi akishaondoka. Hiyo nayo ni hesabu.

Mfano wa tatu unatoka bara. Katika miaka ya 1930 ulianza mwamsho wa Wakristo huko Gahini, Rwanda, ukaenea Uganda, Tanganyika na Kenya. Watu wake waliitwa Balokole, maana yake waliookoka. Jambo moja liliwashangaza majirani. Waliokuwa wameiba walirudisha. Mtu alibeba jembe alilolichukua miaka iliyopita, akaenda nalo mpaka kwa mwenyewe, akasema, "Hili lako." Hawakungoja siku ya mwisho ili wafanye hesabu. Walifanya mapema, wakati bado iko nafasi ya kulipa.

Hapo ndipo penye faida ya kutoa hesabu kila mara. Kosa la shilingi 6,500 linalipika. Kosa lililofichwa miaka 10 huvunja kikundi, huvunja undugu, na mara nyingine humpeleka mtu jela.

KALAMU NAYO NI TALANTA

Ndugu msomaji, wewe uliyejifunza kusoma na kuandika ukubwani, umepewa talanta. Kumbuka ulivyokuwa ukitia kidole gumba kwenye karatasi usiyoijua. Leo unaandika jina lako. Amana hii ina kazi yake. Usiifukie.

Lakini tahadhari. Katika Injili ya Luka, sura ya 16, yumo wakili mwingine. Aliposhtakiwa kwamba anatapanya mali, aliitwa atoe hesabu. Yeye akawaita wadeni wa bwana wake, akawaambia wapunguze deni katika hati zao. Aliyedaiwa vipimo 100 vya mafuta akaandika 50. Mwenye mali alimsifu kwa ujanja wake wa kujiwekea akiba ya marafiki, lakini kisa chenyewe kinamwita mtu asiye mwaminifu. Basi kalamu hulinda amana, na kalamu hiyo hiyo huiiba. Tofauti ni mkono unaoishika, na macho yanayoiangalia.

Ndiyo maana hesabu haiandikwi na mtu mmoja akaifungia sandukuni mwake. Huandikwa, ikasomwa mbele ya watu.

NAMNA YA KUANDIKA HESABU

Chukua daftari. Piga mistari upate sehemu tano: tarehe, maelezo, fedha zilizoingia, fedha zilizotoka, na salio. Andika siku ile ile fedha inapoingia au inapotoka. Usingoje kesho.

Huu ni mfano wa kikundi kimoja kwa mwezi mmoja:

Tarehe 3. Michango ya watu 12, kila mmoja shilingi 2,000. Zimeingia 24,000. Salio 24,000.

Tarehe 5. Madaftari 6, kila moja shilingi 1,500. Zimetoka 9,000. Salio 15,000.

Tarehe 9. Chaki, boksi 1. Zimetoka 3,500. Salio 11,500.

Tarehe 17. Michango ya watu 3 waliochelewa. Zimeingia 6,000. Salio 17,500.

Mwisho wa mwezi jumlisha. Zilizoingia zote ni 30,000. Zilizotoka zote ni 12,500. Toa 12,500 katika 30,000. Unapata 17,500. Sasa fungua sanduku, hesabu fedha zenyewe. Zikiwa 17,500, hesabu imekwenda sawa. Zikipungua au zikizidi, tafuta kosa mbele ya wenzako. Hata zikizidi ni kosa! Huenda mtu alitoa na jina lake halikuandikwa.

Shikeni na kanuni hizi tano:

1. Fedha za kikundi zisichanganywe na fedha za nyumbani. Ziwe na mfuko wao.
2. Kila kinachonunuliwa kiwe na risiti. Muuzaji asiye na risiti, andikeni karatasi na shahidi atie saini.
3. Anayeshika fedha asiwe ndiye anayeshika ufunguo peke yake.
4. Hesabu isomwe kwa sauti kila mkutano, hata kama hakuna aliyeuliza.
5. Mshika fedha akiulizwa asikasirike. Kuulizwa si kutukanwa.

Kanuni ya tano ndiyo ngumu. Wengi wetu tukiulizwa husema, "Hamniamini?" Mtumwa wa talanta 5 hakusema hivyo. Alikuwa na hamu ya kuonyesha. Mtu mwenye hesabu safi hulipenda swali.

TUMALIZIE

Darasa la Fumba lilipata taa yake. Siku tuliyoiwasha, tulimpa daftari la fedha yule bibi aliyetuuliza. Akasema, "Mie macho yangu mabovu, na kusoma nimejifunza juzi." Tukamwambia, "Ndiyo sababu. Wewe utasoma polepole, na sote tutasikia."

Kila mwisho wa mwezi alisoma. Kidole chake kilipita juu ya tarakimu moja moja. Alipofika kwenye salio alinyanyua kichwa, akatutazama. Tulikuwa tumekaa naye chini, lakini tulijiona kama tumesimama mbele ya mwenye mali.

Mkristo anasema Bwana atarudi. Mwislamu anasema kuna siku ya hesabu. Siku yenyewe hatuijui. Lakini mkutano wa mwisho wa mwezi tunaujua tarehe yake. Tuanze na huo.

MANENO YA KUKUMBUKA

Amana: kitu ulichopewa ukitunze, si chako.
Wakili: mtu aliyepewa kusimamia mali ya mwingine.
Salio: fedha zilizobaki baada ya matumizi.
Mirathi: mali iliyoachwa na mtu aliyekufa.
Mkaguzi: mtu anayechunguza hesabu.
Bamvua: wakati maji ya bahari yanapotoka na kujaa sana.

MASWALI

1. Mambo matatu ya amana ni yapi?
2. Mtumwa wa tatu hakuiba. Kosa lake lilikuwa nini?
3. Talanta 3 zingekuwa ujira wa miaka mingapi?
4. Kwa nini wakili wa Luka 12 aliharibika?
5. Mtu akija kijijini akasema anaijua siku ya mwisho wa dunia, na akataka watu wauze mashamba, mtafanya nini?

KAZI YA KUFANYA

Kaeni watu watatu au wanne. Kila mmoja aandike amana moja aliyonayo sasa: fedha, mtoto wa ndugu, shamba, ufunguo, au deni la mtu. Mbele yake aandike ina mwenyewe nani, ina kazi gani, na ataulizwa lini. Kisha someni kwa sauti. Ukiona kuna pengo, lizibe wiki hii.